Mama anatoka usiku, kaka anataka tuhamishe nyumba: je, serikali itaichukua?

SWALI: Assalaam aleikum. Mimi ni msomaji wenu wa Leicester, England, nina miaka 54. Mama yangu ana miaka 79, mzaliwa wa Mombasa, na ni raia wa Uingereza kwa miaka mingi sasa. Madaktari wamesema ana dimenshia, ugonjwa wa ubongo wa kupoteza kumbukumbu. Miaka mitatu iliyopita niliacha kazi ya dukani, nikarudisha funguo za fleti niliyokuwa napanga, nikahamia kwake. Mwezi uliopita alitoka saa tisa usiku na leso moja, akisema anakwenda Kongowea, soko la kule Mombasa, kununua ndizi. Polisi ndio waliomrudisha. Afisa ustawi wa jamii wa kaunsili, yaani serikali ya mtaa, amekuja mara moja, akaandika kwamba huenda mama akahitaji kuhamia kea homu (makao ya kutunzia wazee), na ametuachia fomu ya mambo ya fedha. Nyumba ni ya mama, waliinunua yeye na marehemu baba. Kaka yangu anasema tuiandikishe upesi kwa jina langu, maana ikipita miaka saba serikali haiwezi kuigusa. Mama pia ana kijumba Likoni, huko Mombasa, na fungu lake katika shamba la minazi ambalo mirathi yake haijagawanywa. Je, serikali itaichukua nyumba?

JIBU: Wa aleikum salaam, dada. Pole kwa usiku ule, na pole zaidi kwa hiyo miaka mitatu, ambayo naona umeipitisha kwa sentensi moja kana kwamba ni jambo dogo. Nitairudia, kwa sababu huenda ndiyo itakayoisaidia nyumba kuliko mpango wa kaka.

Kwanza: msiihamishe nyumba. Na serikali haiji na lori kumtoa mtu kwake. Inachofanya ni kuhesabu thamani ya nyumba kama mali ya mama inapopiga hesabu ya nani alipie huduma. Maadamu mama anatunzwa akiwa nyumbani kwake, nyumba hiyo haihesabiwi hata peni moja. Swali la nyumba linazuka siku atakapohamia kea homu moja kwa moja, na hata siku hiyo kuna mambo kadhaa ya kusema kabla ya kufika kwenye kuuza.

Hii "miaka saba" naisikia kwenye kila harusi na kila matanga. Asili yake ni sheria nyingine kabisa, ya kodi ya urithi: mtu akitoa zawadi kisha akaishi miaka saba, zawadi hiyo kwa kawaida haitozwi kodi hiyo. Na hata huko, aliyetoa nyumba akaendelea kuishi humo bure mara nyingi saba yake haimfai kitu. Kwenye huduma za wazee hakuna saba, hakuna tano, hakuna kikomo chochote. Kaunsili inajiuliza mambo mawili. Mlipoitoa mali hiyo, mlijua au mngeweza kutazamia kwamba mama atahitaji huduma? Na kukwepa malipo kulikuwa sababu kubwa ya kuitoa? Sasa jitazame: dimenshia imeandikwa na daktari, polisi wana kumbukumbu ya usiku ule, afisa ustawi ameshakuja, halafu wiki tatu baadaye nyumba inabadilika jina. Kaunsili itaihesabu nyumba kana kwamba bado ni ya mama. Zaidi ya hapo, kifungu cha 70 cha Care Act, sheria ya mwaka 2014 inayotawala mambo haya, kinairuhusu imdai aliyeipokea mali hiyo. Na aliyeipokea ni wewe, si kaka.

Halafu kuna suala la saini. Mama akitia saini hati ambayo hakuielewa, hati hiyo inaweza kubatilishwa, na wakili mwenye akili zake hatakubali kuishughulikia. Mpango wenu ungekwama hapo hapo mapokezini.

Ukiniuliza kwa nini nchi yenye hospitali za bure inauliza habari za nyumba ya mama, nitakurudisha kwenye siku moja: tarehe 5 Julai 1948. Siku hiyo zilianza kazi sheria mbili. Ya kwanza ilizaa NHS, matibabu bila malipo kwa wote. Ya pili, ya msaada wa taifa, ilifuta zile sheria za zamani za maskini zilizokuwa zikiwaingiza wazee kwenye nyumba za kufanyishwa kazi, na ikazipa serikali za mitaa jukumu la kuwapa makazi wazee wasiojiweza. Lakini hiyo ya pili iliruhusu mtu atozwe kwa kadiri ya uwezo wake. Tangu siku hiyo kuna mstari: upande huu ugonjwa, bure, upande ule utunzaji, unalipiwa. Mama angekuwa anatibiwa saratani hospitalini, hakuna ambaye angeuliza hati ya nyumba. Kwa kuwa ubongo wake ndio unaoumwa, na anachohitaji ni mtu wa kumvisha, kumlisha na kufunga mlango, amewekwa upande wa pili wa mstari. Kwangu mimi hii ndiyo dhuluma kubwa ya mfumo huu, na kila mwanasiasa anaijua. Lakini ukishaujua mstari ulipo, unajua pia pa kusukumia.

Basi tuanze na tathmini, maana fomu ya fedha haipaswi kutangulia. Kila mtu mzima anayeonekana kuhitaji huduma ana haki ya kutathminiwa na kaunsili bure, awe na nyumba kumi au hana hata kitanda. Kinachotazamwa ni mambo kumi ya maisha ya kila siku: kula, kujisafisha, kwenda chooni, kuvaa, kuwa salama ndani ya nyumba, kuitunza nyumba yenyewe, uhusiano na watu, kazi au mafunzo, kutoka na kutumia huduma za mtaani, na kulea watoto kama wapo. Akishindwa mawili au zaidi kwa sababu ya ugonjwa au ulemavu, na hali hiyo ikayaathiri maisha yake kwa kiasi kikubwa, kaunsili inawajibika. Na kushindwa si lazima iwe hawezi kabisa. Akiweza kwa maumivu, kwa hatari, au kwa kukumbushwa kila hatua, hiyo pia ni kushindwa.

Mama yako bila shaka amevuka kizingiti hicho. Shida iko kwingine. Shida ni "sijambo".

Nieleze. Miaka kadhaa iliyopita nilikaa kwenye tathmini ya mzee mmoja wa Kibarawa, mtu wa heshima zake, kofia kichwani, kanzu imepigwa pasi. Afisa alikuwa kijana mpole. Akauliza hali, mzee akajibu njema. Akauliza kuhusu usingizi, mzee akasema alhamdulillahi. Akauliza kama anaweza kwenda chooni peke yake, na aliyekuwa akitafsiri ni binti yake wa kuzaa. Yule binti alilitafsiri swali kwa sauti ya chini, akiangalia zulia. Mzee naye akaangalia dirisha, akasema: "Naam, hakuna tabu." Kwenye karatasi ikaandikwa kwamba anajitegemea. Binti huyo alikuwa akibadilisha mashuka ya baba yake kila alfajiri kabla ya kwenda kazini. Ilituchukua miezi mitano kuifuta sentensi ile moja.

Kwetu mtu akiulizwa hali hajibu ugonjwa wake. Anajibu adabu yake. Afisa wa Kiingereza hajui hilo, na hana sababu ya kulijua usipomwambia. Kwa hiyo omba mkalimani wa kaunsili, usitafsiri wewe. Mama hatasema mbele yako yale ambayo anaweza kumwambia mwanamke mgeni wa makamo. Na wewe omba uonwe peke yako, pembeni, useme yote. Kabla ya siku hiyo andika daftari kwa wiki mbili: saa ngapi aliamka, mara ngapi ulimwita arudi, siku aliyowasha gesi akasahau, siku aliyokusukuma kwa kudhani wewe ni mwizi. Andika na saa. "Anasumbua usiku" haiwi na uzito mbele ya kamati. "Jumanne, saa nane na dakika kumi, nimemkuta anahangaika na kufuli" inakuwa na uzito. Kwenye karatasi ya Kiingereza, ongeza tu saa zao, wasije wakadhani ni mchana.

Nawe una tathmini yako, dada. Sheria ile ya 2014 inampa anayemtunza ndugu yake haki ya kutathminiwa kwa nafsi yake, na kaunsili haiwezi kukuambia subiri ya mama iishe kwanza. Najua neno la mtaani: mtu halipwi kumtunza mama yake, hiyo ni radhi. Sawa. Lakini radhi haikatazi mtu kulala usingizi. Omba mapumziko, omba kituo cha mchana mara mbili kwa wiki, omba kengele ya mlangoni inayopiga simu mlango unapofunguliwa usiku. Kengele hiyo inagharimu kidogo mno ukilinganisha na kea homu, na nimeona familia ambazo ilizipa miaka miwili zaidi ya kukaa pamoja.

Msidharau mpango wa kumwacha nyumbani kwa msaada wa kweli. Huko kaunsili inatazama mapato yake kama pensheni, akiba na mali yake nyingine, si nyumba anayoishi. Lazima imwachie kiwango cha chini cha kuishi, na lazima ipunguze gharama zinazotokana na ugonjwa: dobi wa ziada, nepi anazonunua, teksi za hospitali, gesi inayowaka mchana kutwa kwa sababu anaona baridi. Wekeni risiti. Kaunsili pia inaweza kuwapa fedha yenyewe mkononi ili mumwajiri mtu mnayemtaka. Kwa kawaida haitakubali mumlipe ndugu wa karibu anayeishi nyumba hiyo hiyo, yaani wewe, ila kwa sababu maalumu. Lakini binti wa shangazi anayekaa mtaa wa pili, anayejua kupika wali wa nazi na kumsikiliza mama akizungumzia Kongowea, huyo anaweza kuajiriwa na kulipwa kihalali.

Hapo hapo kuna fedha ambazo nina wasiwasi hamzichukui. Kuna posho inayoitwa Attendance Allowance kwa aliyefika umri wa pensheni na anahitaji msaada. Haitazami mali wala akiba. Kwa mwaka wa fedha 2025/26 kiwango cha chini kilikuwa pauni 73.90 kwa wiki, na cha juu, kwa anayehitaji msaada mchana na usiku, kilikuwa pauni 110.40. Usiku ule wa leso moja ni hoja ya kiwango cha juu. Mama akishaipata, wewe unayemtunza saa 35 au zaidi kwa wiki unaweza kudai Carer's Allowance, posho ya mtunzaji, iliyokuwa pauni 83.30 kwa wiki mwaka huo huo. Si fedha ya kujivunia, lakini kuanzia hapo inakuwekea pia michango ya pensheni yako, ambayo umekuwa ukiikosa tangu uache kazi. Na mwambieni daktari athibitishe dimenshia kwa ajili ya kodi ya kaunsili: mwenye maradhi makubwa ya akili hahesabiwi kwenye bili, hivyo nyumba yenye watu wazima wawili hushuka kwa robo.

Sasa tuseme imeshindikana, mama ahamie kea homu. Hesabu iko hivi kwa England. Mwenye mali inayozidi pauni 23,250 analipa mwenyewe yote, na pauni 1,000 kwa wiki au zaidi si ajabu. Mwenye chini ya 14,250 mali yake haiguswi, lakini pensheni yake karibu yote inachukuliwa, anabakiziwa kama pauni 30 kwa wiki za sabuni na peremende. Aliye katikati anahesabiwa pauni moja ya mapato kwa wiki kwa kila 250 zilizo juu ya kile kiwango cha chini. Viwango hivyo vimeganda tangu mwaka 2010. Bei za nyumba, za mkate na za kea homu hazikuganda.

Je, nyumba inaingia kwenye hesabu? Haingii kama humo anaishi mume au mke wake, au ndugu aliyefika miaka 60, au ndugu mwenye ulemavu, au mtoto mdogo anayemtegemea. Wewe una miaka 54, kwa hiyo la 60 halikuhusu. Lakini niambie: mgongo wako ukoje? Wanaonyanyua wazazi wao kwa miaka mitatu mara nyingi wana mgongo, magoti, presha. Ukiwa na maradhi yanayokustahilisha posho ya ulemavu, kinga hiyo inaweza kukuhusu kwa haki, si kwa hisani.

Isipokuhusu, ndipo tunarudi kwenye ile sentensi yako. Mwongozo wa serikali unaozifunga kaunsili unazipa hiari ya kutoihesabu nyumba hata nje ya makundi hayo, na mfano wake unakuelezea wewe hasa: mtu aliyeacha makazi yake mwenyewe ili aje kumtunza mzazi, na sasa hana kwingine pa kukaa. Hiari si haki. Kaunsili inaweza kukataa, lakini lazima ifikiri na itoe sababu. Tafuteni leo barua ya kukatisha mkataba wa ile fleti, barua ya kuacha kazi, na daktari wa mama aandike kwamba bila wewe mama angeingia kea homu miaka mitatu iliyopita. Piga hesabu ya wiki hizo zote: hizo ni fedha ambazo kaunsili haikuzitoa. Iandike hesabu hiyo kwenye barua. Maafisa wa fedha wanaelewa lugha ya hesabu.

Angalia pia hati yenyewe ya nyumba kwenye msajili wa ardhi; nakala ni pauni chache mtandaoni. Wazazi wako huenda waliimiliki kwa namna ambayo mmoja akifa nyumba nzima inabaki kwa mwenzake, au kwa mafungu, kila mmoja na lake. Ikiwa ni mafungu, na baba aliacha wasia kwamba lake liende kwa watoto, basi nyumba si yote ya mama, na fungu la nyumba ambayo mwingine anakaa ndani yake halina wanunuzi wengi. Nimeona faili zikigeuka kwa jambo hilo moja ambalo familia haikuwahi kulitazama.

Na hata nyumba ikihesabiwa, wiki 12 za mwanzo za makazi ya kudumu haihesabiwi, mradi mali nyingine ya mama iko chini ya kile kikomo. Baada ya hapo mnaweza kuomba mkataba wa kuahirisha malipo: kaunsili inalipa kea homu, inaweka dai lake juu ya nyumba pamoja na riba, na inalipwa nyumba itakapouzwa baadaye, mara nyingi baada ya mwenyewe kufariki. Kwa familia za Kiislamu riba hapo ni swali la kumpelekea sheikh wenu. Mimi nawaambia tu kwamba ipo, msije mkashtuka.

Mlango ambao watu wengi hawaubishi kabisa ni ule wa NHS. Nimesema kuna mstari kati ya ugonjwa na utunzaji. Mstari huo unaweza kusukumwa. Mwaka 1999 Mahakama ya Rufani ilisikiliza kesi ya Pamela Coughlan wa Devon, mwanamke aliyeumia vibaya kwenye ajali ya barabarani mwaka 1971, akaahidiwa makao ya kudumu, kisha wakuu wa afya wakataka kuyafunga na kumsukumia upande wa kaunsili. Alishinda. Mahakama ilisema serikali ya mtaa inaweza kubeba uuguzi ule tu ambao ni nyongeza ya makazi. Mahitaji yakizidi hapo ni kazi ya NHS. Kutokana na hoja hiyo upo mpango uitwao NHS Continuing Healthcare. Mwenye kustahili analipiwa kila kitu, kea homu nzima, bila swali la nyumba wala akiba.

Dimenshia peke yake haimpi mtu tiketi. Wanapima maeneo 12: tabia, fahamu, kula na kunywa, choo, ngozi, dawa na mengineyo, na wanatazama ukali wa kila moja na jinsi yanavyopandana. Kwanza ni orodha fupi ya mchujo, na unaweza kuomba ifanywe. Ukisikia "lakini mama yako ametulia", jibu kwamba ametulia kwa sababu wewe huondoki pembeni yake. Mwongozo wao wenyewe unasema hitaji linalodhibitiwa vizuri bado ni hitaji. Daftari lako la wiki mbili ndilo ushahidi wa hapo. Wengi wanakataliwa mara ya kwanza, na wengi wao hawarudi. Akikosa, lakini akaingia nyumba yenye wauguzi, NHS bado inailipia nyumba hiyo sehemu ya uuguzi: ilikuwa pauni 254.06 kwa wiki mwaka 2025/26. Hakikisheni imepunguzwa kwenye bili yenu.

Kuhusu kuchagua nyumba: kaunsili ikilipa, lazima iwape angalau moja inayotosha ndani ya bajeti yake, bila kuwadai nyongeza. Nyongeza ya familia ni kwa hiari, pale mnapotaka cha ghali zaidi bila hitaji. Lakini hitaji si kitanda tu. Dimenshia ina desturi ya kula lugha ya mwisho kwanza. Kiingereza cha mama kitatangulia kuondoka, kitabaki Kimvita. Chakula halali, wudhu, mtu wa kuelewa anaposema "nataka kwenda haja": haya yaandikwe kwenye tathmini kama mahitaji, ili bajeti iyafuate. Niliwahi kumtembelea bibi mmoja ambaye kea homu ilimwandika "hazungumzi". Akapita msichana wa Kikenya na toroli la chai, akasema "shikamoo bibi". Bibi akazungumza dakika arobaini. Wasichana kama huyo wataanza kuadimika, maana tangu tarehe 22 Julai 2025 waajiri wa huduma hizi hawaruhusiwi tena kuleta wafanyakazi wapya wa kea kutoka ng'ambo kwa visa, lakini hiyo ni hasira ya siku nyingine.

Usingoje sheria ibadilike. Mwaka 2011 tume ya serikali iliyoongozwa na Andrew Dilnot ilipendekeza mpango wa kikomo cha pauni 35,000 kwa gharama ambazo mtu atabeba maishani mwake. Serikali ikaupandisha hadi 72,000, uanze 2016, ukaahirishwa, ukazimwa. Boris Johnson, waziri mkuu wa wakati huo, akaufufua 2021, sasa 86,000, uanze Oktoba 2023. Ukasogezwa hadi 2025. Julai 2024 Rachel Reeves, akiwa waziri wa fedha, akaufuta. Sasa kuna tume nyingine ya mambo haya, ya Louise Casey, iliyoanza 2025 na kutarajiwa kumaliza 2028. Mama atakuwa amepita themanini, na danadana itakuwa bado hewani. Wanaoishi Scotland wamekuwa na huduma ya kuogeshwa na kuvishwa bila malipo tangu 2002, na Wales kikomo cha mali kwa kea homu ni pauni 50,000, kwa hiyo ndugu wa Glasgow au Cardiff akikupa ushauri, mshukuru lakini usiufuate.

Likoni. Najua ulitarajia niseme msiitaje. Mali iliyo nje ya nchi inahesabiwa, na fomu itauliza. Kuficha ndiko kutakakowaharibia mengine yote. Lakini itajeni kama ilivyo: kijumba, thamani yake kwa bei ya huko, gharama za kukiuza, na nani anakaa humo. Shamba ambalo mirathi haijagawanywa si la mama lote. Lake ni fungu, na fungu ndani ya shamba la ndugu kumi na wawili wasioelewana ni kitu ambacho hata dalali wa Kwale hatakinunua. Elezeni hivyo kwa maandishi, muambatishe barua ya wakili au kadhi.

Na kama kaka atageuza maneno aseme basi tumpeleke mama Mombasa, mkae mkijua: pensheni ya serikali itamfuata, lakini Kenya imo kwenye orodha ya nchi ambako pensheni hugandishwa, haipandi kila mwaka. Attendance Allowance haimfuati akihamia huko. Na mwenye kuhamia hawezi kutegemea NHS kama mkazi. Wengine wamefanya hivyo wakafurahi, kwa kuwa wana dada wawili na nyumba yenye uwanja. Msifanye kwa hasira ya malipo.

Fomu ijazeni kwa ukweli, kwenye nafasi ya maelezo muandike habari yako ya fleti na kazi, mbaki na nakala. Uamuzi ukija mbaya, lalamikeni kwanza kwa kaunsili kwa maandishi, kisha kwa msuluhishi wa malalamiko ya serikali za mitaa, ambaye kwa kawaida mna miezi 12 ya kumfikia na halipwi chochote.

Lakini lililo la haraka kuliko fomu ni hati ya mamlaka, ile ambayo watu huiita LPA, ambayo kwayo mama anamteua mtu wa kumwamulia mambo atakapokuwa hawezi mwenyewe. Ni mbili: moja ya fedha na mali, nyingine ya afya na malezi. Mama anaweza kuzitia saini maadamu wakati huo anaelewa anachokifanya, hata kama jioni yake atakuwa Kongowea. Sheria ya 2005, inayohusu uwezo wa mtu kujiamulia, inatazama uamuzi ule na saa ile. Ukipita wakati huo, itabidi muende Court of Protection, mahakama ya mambo ya wasioweza kujiamulia, njia ndefu na ya gharama. Anahitajika mtu wa kuthibitisha kwamba ameelewa na hakushurutishwa, asiwe wa familia: daktari, wakili, au anayemfahamu vizuri kwa miaka miwili au zaidi. Umesema kila kitu ila hukusema saa gani mama yuko vizuri. Kwa wengi ni asubuhi, baada ya chai, kabla kelele za nyumba hazijaanza. Ijue saa hiyo, na miadi iwekwe hapo.